Mpiga sello akishika kijiti

Okestra kamili ya simfoni ina watu kama 90, na kati yao wapiga sello, ile fidla kubwa inayoshikwa katikati ya magoti, ni kumi, wameketi wawili wawili kwenye stendi tano za nota. Kwa hesabu hiyo peke yake usingetarajia safu hii itoe viongozi wengi wa okestra, wale wanaosimama mbele na kijiti mkononi. Lakini pitia majina makubwa ya miaka mia iliyopita: Arturo Toscanini, Pablo Casals, John Barbirolli, Mstislav Rostropovich, Nikolaus Harnoncourt, na leo kijana wa Finland, Klaus Mäkelä. Wote wametokea kwenye sello. Sababu inayotolewa kila mara ni kwamba sauti ya sello inafanana na ya binadamu, kwa hiyo mpigaji wake amezaliwa kuimba. Ni maneno matamu, ila hayaelezi kitu. Obo, chombo cha kupuliza, nayo inaimba, tena vizuri sana, na orodha ya wapiga obo waliofika huko ni fupi zaidi.

Kinachofundisha, kwa maoni yangu, ni kiti kuliko chombo. Na aliyekikalia kiti hicho miaka mingi ndani ya safu, akilinganisha upinde wake, ile fimbo ya kusugulia nyuzi, na wa jirani, kwa kawaida huwa fundi zaidi mbele ya okestra kuliko nyota aliyeingia kazi hiyo akiwa tayari na jina.

Mpiga sello wa okestra anaishi chini ya muziki. Katika simfoni za Haydn na za Mozart wa ujanani, sello na besi kubwa husoma mstari mmoja wa nota, besi zikisikika oktavo moja chini. Mstari huo ndio unaoamua kila akodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, inamaanisha nini: badilisha noti moja ya chini na kila kilicho juu yake kinageuka maana, hata kama fidla hazijabadilisha chochote. Kwa hiyo mpiga sello anazoea kusikiliza kuanzia chini kwenda juu, na hivyo ndivyo kiongozi anavyotakiwa kusikiliza. Halafu, bila taarifa, anakabidhiwa wimbo wenyewe. Sehemu ya pili ya Simfoni ya Tano ya Beethoven inaanza na viola na sello. Sehemu ya pili ya Simfoni ya Pili ya Brahms inaanza na sello zikibeba wimbo mrefu. Mtu aliyewabeba wengine kwa dakika kumi na kisha akabebwa anajua tofauti ya kazi hizo mbili kwa mkono wake.

Kuna faida nyingine ambayo watazamaji hawaioni kabisa. Nota za fidla huandikwa kwa ufunguo mmoja tu, wa sol; ufunguo ni ile alama ya mwanzo wa mistari inayoonyesha kila noti inakaa wapi. Nota za sello hutumia funguo tatu: wa fa kwa sauti za chini, wa do kwenye mstari wa nne kwa sauti za kati, na wa sol kwa zile za juu. Fagoti na tromboni hutumia fa na do vilevile, na viola husoma do kwenye mstari wa tatu. Anapofungua kitabu cha nota kamili za okestra, chenye mistari 20 au zaidi kwa ukurasa, mpiga sello anasoma sehemu kubwa bila kuhangaika. Mpiga fidla anayeanza kazi hiyo hupoteza miezi akijifunza kusoma viola tu.

Na kuna upinde. Upinde wa sello una uzito wa gramu kama 80 na urefu wa sentimita 71 au 72. Wa fidla una gramu kama 60 na urefu wa sentimita 74 au 75. Yaani mpiga sello ana upinde mzito zaidi, mfupi zaidi, na nyuzi nene zinazokula upinde haraka. Kiongozi akichagua mwendo wa polepole mno, sello huishiwa upinde kabla ya fidla, na sentensi ya muziki inakatika katikati. Hadhira itadhani ni uzembe wa safu ya sello, kumbe kosa liko mbele kwenye jukwaa la kiongozi. Uzi wa do, ambao ndio mzito kuliko yote, huchelewa pia kuitika unapopigwa kwa sauti ndogo sana. Ukitaka noti hiyo ifike pamoja na nyingine, pigo la maandalizi, yaani mkono wa kiongozi unaotangulia noti, lazima liwe la polepole na la wazi. Kitabuni unaweza kuyasoma haya, lakini mkono wako usipowahi kuyapata hutayakumbuka wakati watu 90 wanakutazama.

Twende kwa Toscanini, kwa sababu hadithi yake ndiyo iliyoharibu fikra za wengi. Alihitimu sello katika konsavatori, yaani chuo cha muziki, ya Parma mwaka 1885. Mwaka uliofuata alisafiri na kampuni ya opera hadi Amerika Kusini, na usiku wa tarehe 30 Juni 1886, jijini Rio de Janeiro, kiongozi aliyeajiriwa alikuwa amejitoa na mbadala wake akazomewa na hadhira. Waliokuwemo wakamsukuma mbele huyu kijana wa miaka 19, naye akaongoza Aida ya Verdi yote kwa kichwa. Tangu hapo kila kijana mwenye sello anaota usiku wake wa Rio.

Kinachosahaulika ni mambo mawili. La kwanza, Toscanini hakuwa mpiga sello tu katika safari ile. Alikuwa pia akiwafundisha waimbaji sehemu zao. Aliijua pumzi ya kila mwimbaji kabla hajashika kijiti. Tena macho yake yalikuwa hafifu, hivyo kukariri kwake kulitokana na dhiki zaidi kuliko majigambo. La pili ni zito zaidi. Baada ya Rio, baada hata ya kuongoza opera huko Turin mnamo Novemba mwaka huohuo, alirudi kwenye sello. Februari 1887, opera ya Otello ya Verdi ilipofunguliwa katika jumba la La Scala, Milano, Toscanini aliketi kama mpiga sello wa pili, ili amwone Verdi mwenyewe akifanya kazi. Otello ina sello nne za peke yake katika duwa ya mapenzi ya tendo la kwanza, na Toscanini alisimulia baadaye jinsi Verdi alivyomwambia katika mazoezi kwamba anapiga kwa sauti ndogo mno, ingawa alikuwa akifuata alama za nota kikamilifu. Somo hilo angelipata wapi kwingine? Alama ya sauti ndogo kwenye karatasi ya mtu mmoja si sawa na sauti ndogo ndani ya ukumbi. Miaka tisa baadaye, tarehe 1 Februari 1896, yeye ndiye aliyeongoza La bohème ya Puccini kwa mara ya kwanza duniani.

Sasa upande wa pili: yale ambayo sello haifundishi. Tusidanganyane, ni mengi.

Kwanza ni vyombo vinavyohamisha sauti. Honi ya fa husikika toni tatu na nusu chini ya kilichoandikwa. Klarineti ya si-bemoli husikika toni moja chini, ile ya la husikika toni moja na nusu chini. Mpiga sello hajawahi kuyahitaji haya; sello husikika kama ilivyoandikwa. Siku honi ya pili inapokosea noti moja katika akodi ya watu 12, kiongozi aliyetoka kwenye nyuzi hujua kwamba kuna kitu kibaya lakini hawezi kumwambia mpigaji ni noti gani kwa jina analoliona mbele yake. Wapulizaji hutambua udhaifu huo ndani ya dakika kumi, na heshima yao ikishaondoka hairudi kwa juma hilo.

Pili ni umbali. Timpani na tarumbeta hukaa mita kumi au zaidi kutoka mbele, na sauti, kwa kasi yake ya mita kama 340 kwa sekunde, huchukua karibu sehemu tatu za mia za sekunde kufika. Ni kidogo, lakini katika mwendo wa kasi hutosha kuchafua mwanzo wa akodi. Wa nyuma wanapaswa kufuata kijiti badala ya masikio. Mpiga sello, ambaye maisha yake yote amefuata masikio, akisimama mbele huanza kusubiri sauti anayoisikia, na kadiri anavyosubiri ndivyo okestra inavyosubiri kwake. Mwendo unazama. Kosa hili ni la kawaida mno kwa wapiga nyuzi wanaoanza, na dawa yake ni moja: mkono utangulie sauti, usiifuate.

Tatu ni pigo la kimya. Simfoni ya Tano ya Beethoven inaanza na pumziko la nane moja, kisha zinakuja noti tatu fupi na moja ndefu. Pigo la kwanza la kiongozi linaangukia kwenye kimya. Wanamuziki wanaingia baada yake. Ukitoa mapigo mawili ya maandalizi, nusu ya safu itaingia mapema. Ukigawanya pigo kwa mkono wa kutetemeka, noti tatu zinageuka kama noti tatu zilizobanwa ndani ya pigo moja na sura ya muziki inapotea. Kinachotakiwa ni pigo moja la kwenda juu lenye mwendo kamili, kisha kushuka, basi. Mpiga sello anajua kuanzisha sauti kwa uzito wa mkono. Hapa mkono hautoi sauti yoyote, na wengi humaliza tatizo hilo kwa kutumia nguvu zaidi. Nguvu haisaidii. Wanaokutazama wanahitaji kuona mkono umetoka wapi, unafika lini na kwa kasi gani.

Barbirolli ndiye mfano ninaoutegemea zaidi, kwa kuwa kazi yake inaonyesha hatua kwa hatua jinsi kiti kinavyogeuka kijiti. Alizaliwa London mwaka 1899, akasoma Royal Academy of Music, akaingia okestra ya Queen's Hall akiwa bado kijana mdogo, na alipiga popote palipolipa: majumba ya sinema, mikahawa, opera. Tarehe 27 Oktoba 1919 alikuwa ndani ya safu ya sello ya London Symphony Orchestra wakati koncheto ya sello ya mtunzi Elgar, yaani kazi ya mpiga solo na okestra, ilipopigwa kwa mara ya kwanza, Felix Salmond akiwa mpiga solo na Elgar mwenyewe akiongoza. Onyesho hilo lilishindwa vibaya. Kiongozi aliyekuwa na sehemu nyingine ya programu, Albert Coates, alikuwa amekula muda wa mazoezi wa Elgar akihangaika na kazi ya mtunzi Scriabin. Barbirolli aliliona hilo akiwa kitini. Aliona kwamba kazi bora inaweza kufa kwa sababu ya saa moja ya mazoezi iliyoibiwa.

Kwa anayetaka kujua hesabu za kazi hii: programu moja kwa kawaida hupewa mazoezi matatu au manne, kila moja la saa mbili na nusu au tatu, ukitoa mapumziko. Ndani ya muda huo kuna uvertua (kazi fupi ya kufungulia), koncheto na simfoni. Kila dakika unayozungumza inatoka kwenye upigaji, na watu 90 wamekaa kimya wakikuangalia. Hapa Barbirolli alikuwa na silaha ya mpiga sello: aliandika kwa mkono wake mwelekeo wa upinde katika nota za nyuzi kabla ya zoezi la kwanza. Kuvuta au kusukuma, wapi kuunganisha noti, wapi kubadilisha ndani ya noti ndefu ili sauti isikatike. Akodi nzito inavutwa kutoka kwenye kishikio, palipo na uzito. Mwanzo wa siri husukumwa kutoka kwenye ncha, palipo hafifu. Kiongozi asiyejua haya husimama na kuomba “sauti yenye joto zaidi”. Aliyejua huandika alama moja juu ya noti, na joto linapatikana bila mtu kufungua mdomo.

Desemba 1927 aliitwa kumbadili kiongozi Thomas Beecham akapata siku kama mbili kujifunza Simfoni ya Pili ya Elgar. Mpiga solo wa jioni hiyo alikuwa Casals. Mwaka 1936 akamrithi Toscanini katika New York Philharmonic, mpiga sello akipokea kiti kutoka kwa mpiga sello. Mwaka 1943, vita vikiwa vimepamba moto, akaenda Manchester kuikuta okestra ya Hallé imebaki na wanamuziki wachache, akafanya usaili mfululizo na kuijenga upya kwa muda wa mwezi hivi. Ni mtu aliyekaa kwenye safu tu anayeweza kumsikiliza mwanafunzi mbichi na kujua kama baada ya majuma matatu ataungana na wenzake. Na mwaka 1965, alipoirekodi koncheto ileile ya Elgar na Jacqueline du Pré aliyekuwa na miaka 20, okestra ilikuwa ileile ya London Symphony. Sikiliza anavyompa nafasi binti yule kabla ya kila mruko wa mkono kwenda juu ya shingo ya sello, pale kidole gumba kinapohama na kukanyaga uzi. Mruko huo unahitaji punje ya muda. Kiongozi aliyetoka kwenye piano huiona punje hiyo kama kuyumba kwa mwendo.

Rostropovich ni habari nyingine. Kama mpiga sello, sidhani kuna aliyempita katika nusu ya pili ya karne ile: zaidi ya kazi 100 zilipigwa kwanza na yeye, Shostakovich, Prokofiev, Britten, Dutilleux na Lutosławski wakimwandikia. Koncheto ya kwanza ya Shostakovich aliikariri kwa siku nne mwaka 1959. Aliongoza opera ya Eugene Onegin katika ukumbi wa Bolshoi, Moscow, mwishoni mwa miaka ya 1960, akaondoka Umoja wa Kisovyeti mwaka 1974 baada ya kumhifadhi mwandishi Solzhenitsyn na kumtetea hadharani, kisha akaiongoza National Symphony Orchestra ya Washington kuanzia 1977 hadi 1994. Aliipa okestra hiyo jina na heshima, na katika Shostakovich alikuwa na mamlaka ya mtu aliyekaa mezani na mtunzi. Lakini wakosoaji walilalamikia pigo lake lisilo wazi, na ukisikiliza rekodi zake za Beethoven au Brahms unaelewa malalamiko. Alikuwa akipiga sello hewani. Mkono wake ulieleza sauti aliyoitaka, haukueleza lini. Okestra yenye mpiga fidla wa kwanza imara humwokoa kiongozi wa namna hiyo, na Rostropovich aliokolewa mara nyingi kwa sababu wanamuziki walimpenda. Mpiga solo amezoea okestra imfuate. Yule wa safuni amezoea kufuata, na kwa hiyo anajua kinachofuatika.

Casals naye alikuwa nyota, lakini alilipia ada yake kwa njia nyingine, tena kwa fedha taslimu. Okestra aliyoianzisha Barcelona mwaka 1920 aliigharamia kutokana na mapato ya sello yake kwa miaka kadhaa, ikafanya kazi mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania vilipoifuta mwaka 1936. Mwenye okestra yake mwenyewe anaweza kujifunza polepole.

Harnoncourt alikwenda njia ndefu kuliko wote. Alikaa safuni Vienna Symphony kuanzia 1952 hadi 1969. Mwaka 1953 akaanzisha na mkewe Alice, mpiga fidla, kundi la Concentus Musicus, wakafanya mazoezi miaka minne kabla ya onyesho la kwanza la hadhara mwaka 1957, na kwa muda mrefu aliliongoza akiwa ameketi na sello yake. Hata baadaye, akiwa mbele ya okestra kubwa, hakushika kijiti. Anayeijua taarabu kongwe ya Unguja, kama ya Ikhwani Safaa iliyoanzishwa 1905, haoni ajabu: sello na besi zimekaa humo pamoja na fidla, ganuni na udi, na kundi zima huenda pamoja bila mtu wa kupunga mkono mbele. Mtindo huo una kikomo chake. Watu 20 wanaweza kupumua pamoja kwa masikio. Watu 90 kwenye ukumbi wa viti 2,000 hawawezi.

Mäkelä, aliyezaliwa Helsinki mwaka 1996, ameinunua miaka ya kiti kwa njia ya mkato iliyo halali. Alianza kufundishwa uongozi wa okestra na mwalimu Jorma Panula akiwa na miaka 12, huku akiendelea na sello. Panula hafundishi kwa mihadhara: mwanafunzi husimama mbele ya okestra halisi ya mazoezi, kamera ikirekodi, kisha hujitazama. Wanafunzi wenyewe ndio hupiga ndani ya okestra hiyo wenzao wakiongoza, kwa hiyo siku moja unashika kijiti na kesho unateswa na kijiti cha mwenzako. Esa-Pekka Salonen, mpiga honi, na Sakari Oramo, mpiga fidla, walipita kwa Panula pia, jambo linaloonyesha kwamba mfumo mzuri unaweza kuziba sehemu ya pengo ambalo kiti cha safuni humvusha mpiga sello.

Mäkelä aliichukua okestra ya Oslo mwaka 2020, ya Paris mwaka 2021, na kuanzia 2027 ataongoza okestra ya Concertgebouw ya Amsterdam na Chicago Symphony kwa pamoja. Bado hupiga sello hadharani, hasa muziki wa vyumba, yaani wa wapigaji wachache, na marafiki. Hapo ndipo penye shaka yangu. Mkono wa kushoto wa mpiga sello hudai saa tatu au nne kila siku ili mkao wa vidole ubaki sahihi. Ukiupumzisha juma moja, sugu za ncha za vidole hulainika na mahali pa noti huhama milimita chache, nazo zinatosha. Okestra mbili katika mabara mawili, vitabu vya nota vya kujifunza ndani ya ndege, sello inayohitaji kiti chake chenye tiketi: hesabu haifungi. Barbirolli aliifunga mapema kwa kuacha solo. Rostropovich hakuacha, na palipopungua ni kwenye kijiti.